Papa Hanywi Maji ya Kisima

Kila alfajiri napanda mnazi kugema. Huku kwetu mgema akiwa juu lazima aimbe. Watu wa chini wakimsikia wanajua kuna mtu, kwa hiyo anayeoga anajifunika. Mimi naimba vibaya, lakini naimba kwa nguvu.

Kutoka kule juu naiona Eita yote, kijiji chetu. Huku bahari kuu, kule bahari ya ndani, katikati barabara moja tu. Na chini kabisa, kando ya jiko la mama, naiona gari yetu.

Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa paa lake lina kutu kama ramani ya visiwa. Mlango mmoja ni wa bluu, tuliutoa kwenye gari nyingine iliyokufa. Kioo cha nyuma hakishuki. Baba aliinunua wakati Wajapani wameshaitumia miaka kumi na mbili, na sisi tumeitumia tisa. Tunaiita Papa, kwa sababu ukoo wa baba ni ukoo wa papa, yule samaki mwenye meno. Na kwa sababu bampa ya mbele imepasuka, inaonekana kama imekenua.

"Tawita!" mama aliita asubuhi hiyo. "Shuka! Umeimba vya kutosha, kuku wanataka kuhama!"

Nilishuka na chupa yangu ya tembo tamu. Mama, Nei Teretia, yaani Bi Teretia, alikuwa anafunga chakula. Wali, samaki wa kukaanga, kipande cha shelisheli. Vifurushi arobaini kila siku. Baba anaviendesha mpaka Bairiki, kwenye ofisi za serikali. Karani akisikia breki za Papa zinalia barabarani, anaweka kalamu chini. Ameshajua saa ya kula imefika.

Kazi yangu mimi ni maji. Navuta ndoo kisimani, nafungua kifuniko cha rejeta kabla gari haijawashwa, namimina. Mwanzoni ilikuwa kikombe. Baadaye ikawa chupa. Siku zile ilikuwa chupa mbili kila asubuhi.

"Anakunywa huyu kama baharia," baba alisema.

"Mradi asinywe ya tangi," mama alijibu.

Hiyo ilikuwa sheria ya mama. Maji ya mvua ya kwenye tangi ni ya watu. Ya kunywa na ya chai, basi. Vitu vingine vyote vinatumia maji ya kisima. Na mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne. Ukigonga tangi letu, linalia kama ngoma.

Jumapili tulikaa kwenye maneaba, lile jumba letu kubwa la mikutano. Paa lilikuwa jipya. Lilikuwa limesukwa kwa majani, na ukoo wetu ulisuka upande mzima wa mashariki. Sasa ilitakiwa sherehe ya kulifungua, na wazee wa kisiwa cha Nonouti walialikwa. Wangekuja na meli mpaka bandari ya Betio baada ya wiki mbili.

Mwenyekiti wa wazee akauliza: "Nani atamleta Nei Tibwere kutoka bandarini?"

Nei Tibwere ni shangazi wa baba. Ana miaka themanini na moja. Baba alibaki yatima akiwa mdogo, na shangazi huyo ndiye aliyemlea. Alisuka mikeka, akauza, baba akasoma. Alikuwa hajafika hapa kisiwani kwetu Tarawa tangu kabla hatujapata gari.

Baba akasimama. Baba yangu, Kaitu, si mtu wa maneno mengi.

"Gari yangu itamleta," alisema.

Kwetu ukisema neno ndani ya maneaba, limesemwa. Hakuna kurudi kesho ukasema nilitania. Ukishindwa, utakaa pale pale kwenye nafasi ya ukoo wako, chini ya nguzo yako, na kila mtu atakuwa anakutazama bila kukutazama. Mimi heri nipigwe ngumi.

Baba mdogo Uriam alikuwa amekaa nyuma yetu. Yeye hawezi kunyamaza.

"Kaka," alisema, "utamleta shangazi kwa gari au kwa mvuke?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Jumanne Papa alichemsha.

Ilikuwa kwenye tuta la Nanikai, pale ambapo barabara inakatiza bahari na hakuna mti hata mmoja. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na Uriam aliyeomba lifti. Sindano ya joto ilipanda mpaka kwenye nyekundu. Moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Baba akasimamisha gari pembeni akazima injini.

"Inataka maji tu hii," Uriam alisema. Akaruka nje, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa shati lake.

"Subiri ipoe!" baba alipiga kelele.

Uriam alikuwa ameshazungusha. Kifuniko kiliruka, na maji ya moto yakatoka kama nyangumi anapumua. Yakamwagika mkononi kwake. Alicheza pale barabarani ngoma ambayo hakuna mwalimu angeweza kumfundisha.

Mama hakupiga kelele. Alichukua chupa zote mbili za maji ya kunywa, akammwagia mkononi taratibu mpaka zikaisha. Lori moja likamchukua Uriam mpaka kliniki. Nesi akasema maji yale yamemwokolea ngozi. Vifurushi arobaini tulivibeba kwa miguu. Tulifika wakati makarani wameshakula biskuti. Tuliuza kumi na moja. Papa alirudi Eita akikokotwa na lori.

Jioni baba hakula.

"Nitakwenda kwa wazee," alisema. "Nitawaambia watafute gari nyingine."

"Huendi," mama alisema.

"Sasa nifanye nini, Teretia? Nimpandishe shangazi halafu achemshwe kwenye tuta?"

"Nimesema huendi."

Mimi nikatoka. Mtu mzima akiwa kwenye hali ile siwezi kukaa kumtazama. Nilikwenda kwa jirani yetu Tebakatu.

Tebakatu alikaa miaka kumi na saba tumboni mwa meli, akihudumia injini za Wajerumani. Alirudi na magoti mabovu na masikio mabovu zaidi. Kwa hiyo anaongea kama injini bado inanguruma pembeni yake. Ukimweleza siri, imefika Bonriki, kule uwanja wa ndege.

"Mnaipa maji gani?" aliniuliza, Eita nzima ikasikia.

"Maji tu."

"Maji gani, nimekuuliza! Maji ni maji kwa mtu aliyezaliwa mlimani. Wewe umezaliwa Tarawa."

"Ya kisima."

Alinitazama kama nimesema naipa mchanga. Akainuka, akaja mpaka kisimani kwetu, akachovya kidole kwenye ndoo akaniambia na mimi nichovye, nionje.

"Ladha gani?"

"Chumvi kidogo."

"Mama yako anapikia chai hayo?"

"Hapana, chai inaharibika."

"Sabuni yake inatoa povu?"

"Kidogo sana."

"Basi. Chai imeyakataa. Sabuni imeyakataa. Wewe ukaona injini itayapenda!" Alimgeukia baba, ambaye alikuwa ametoka mlangoni. "Kaitu, sikiliza. Kwenye meli tulikuwa na bahari kila upande. Lakini chumvi ikiingia kwenye maji ya kupoza injini, mkubwa wa injini anaamka usingizini. Kila asubuhi tunapima. Chumvi inakula chuma. Chuma kikiliwa kinakuwa tope. Tope linaziba njia. Njia ikiziba, moto unakaa ndani."

"Miaka tisa tunaipa hayo," baba alisema.

"Na miaka tisa imewavumilia! Hiyo gari ina heshima kuliko nyinyi." Akapiga boneti kwa kiganja. "Na kuna jambo la pili. Maji ya rejeta hayaendi popote. Yanachukua joto la injini, yanakuja hapa mbele yanapoa, yanarudi. Yanazunguka tu. Gari nzima haiongezwi maji kila siku. Ikinywa kila siku, ujue inakojoa mahali. Nyinyi mnajaza tu, hamjauliza inakojoa wapi."

 Chupa mbili kila asubuhi, na sikuwahi kuinama kutazama chini.

"Kesho asubuhi," alisema Tebakatu. "Ikiwa ya baridi kabisa. Injini ya moto haifunguliwi na mtu mwenye akili. Msalimieni Uriam."

Asubuhi sikuimba sana. Nilishuka haraka.

Tuliinua gari kwa jeki. Halafu Tebakatu akanizuia nisiingie chini.

"Jeki inainua tu," alisema. "Gari ikae juu ya magogo haya." Tukasukuma vipande vinene vya mnazi chini ya gari, akaitikisa kwa nguvu, haikusogea. Ndipo akaniruhusu.

Nililala chali nikaona kila kitu. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umevimba kama mguu wa mgonjwa. Klipu inayoushika ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki uzi. Pale maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, tone. Tulipouchomoa, hayakutoka maji. Ulitoka uji wa rangi ya matofali.

Baba aliweka karai chini. Aliutazama uji ule muda mrefu.

"Mpira, klipu," Tebakatu alihesabu. "Na hiki kifuniko, ona raba yake, imekauka kama pweza wa juani. Kifuniko kinatakiwa kibane. Kisipobana, maji yanachemka mapema. Sasa tumwone bwana mlango."

Alifungua sehemu ndogo juu ya injini, akatoa kidude cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa kubwa. Ndiyo themostati.

"Huu ni mlango," alisema. "Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa. Injini ikipata joto lake, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa. Wenu umeganda."

"Fundi mmoja wa Betio aliniambia tuutoe tu," baba alisema. "Maji yapite moja kwa moja."

"Fundi huyo na nyumba yake haina mlango? Ukiutoa, injini haipati joto lake. Inakunywa petroli zaidi na inachakaa mapema. Mlango mbovu dawa yake ni mlango mzima."

Dukani mpira ulikuwepo. Klipu, kifuniko na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, pia vilikuwepo. Themostati haikuwepo. Muuzaji alisema mpaka ije na ndege kutoka Fiji, wiki tatu. Sisi tulikuwa na siku kumi.

Lakini Tarawa hatukosi magari yaliyokufa. Nyuma ya nyumba, upande wa bahari kuu, yamelala kila mahali, kaa wanaishi ndani. Mimi ninayajua yote. Nilizunguka siku nzima na spana. Nikarudi na themostati tatu za gari kama yetu.

"Nzima ni ipi?" mama aliuliza.

"Tunazichemsha," Tebakatu alisema. "Lete sufuria."

"Sufuria yangu ya wali? Uchemshe vyuma vya kwenye maiti?" Mama aliikumbatia sufuria. Akatutupia kopo tupu la biskuti. "Hilo hapo. Na likitoka hapo halirudi jikoni."

Tukaweka kopo motoni. Themostati ya kwanza, maji yakachemka, kimya. Ya pili ilifunguka kidogo ikakwama. Ya tatu tulikuwa tumeinama wote, hata mama. Maji yakaanza kutoa mapovu. Mlango ukafunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Tukaitoa, ikapoa, jicho likajifumba. Tukairudisha motoni, likafumbuka tena.

Mama akapiga makofi. "Mzima huyo!"

Basi ikabaki kuosha ndani na kujaza upya. Na hapo ndipo mambo yalikwama.

"Kuosha tope, maji ya kisima yanatosha," alisema Tebakatu. "Lakini mwisho lazima tusuuze kwa maji ya mvua mpaka chumvi itoke, na ya kuchanganya na kulanti yawe ya mvua pia. Lita ishirini."

"Hapana," mama alisema.

"Nei Teretia..."

"Hapana, Tebakatu. Tangi langu limebaki hivi." Akaonyesha kwa mikono, futi moja. "Watoto wa nyumba ya tatu wanakuja kuchota kwangu. Niwaambie nini, gari imekunywa maji yenu?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia Tebakatu akiongea kwa sauti ya chini.

"Ni mara moja," alisema. "Ikiwa haivuji, huongezi tena. Unatazama tu. Baada ya miaka miwili unabadilisha kulanti. Sasa hivi unampa chumvi kila siku, halafu unamlaumu."

 Mama alitazama vifungashio vitupu vilivyorundikwa jikoni, vile ambavyo havikwenda Bairiki tangu Jumanne. Nilijua anahesabu. Bila Papa hakuna wali wa makarani, na bila wali wa makarani hakuna sukari ya nyumbani. Lakini futi moja ni futi moja.

Wakati huo huo akatokea baba mdogo Uriam, mkono umefungwa bandeji.

"Kaka," alisema, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. "Nimekuja na bubuti."

 Bubuti ni ombi la ndugu kwa ndugu, na halikataliwi. Ukikataa, unajivunjia jina. Ndiyo maana Uriam analipenda sana.

"Naomba gari Jumamosi," alisema. "Mkishamaliza kuitengeneza. Nataka kupeleka nyavu kule kwenye mwamba, maji yakipwa."

Ndiyo mchezo wake. Anaendesha Papa juu ya mwamba wa bahari, maji ya chumvi mpaka kwenye vitasa, halafu anairudisha na magamba kwenye kiti. Baba alifungua mdomo. Niliona kabisa "sawa" inakuja.

"Subiri, Kaitu," mama alisema. "Kabla hujamjibu, na mimi nina bubuti kwake."

Uriam aligeuka. Tabasamu lilipungua.

"Shemeji yangu," mama alisema kwa sauti ya asali, "wewe una bati jipya, una tangi kubwa. Naomba maji ya mvua. Dumu moja, lita ishirini."

 Halikataliwi.

"Sawa, shemeji."

"Na lingine dogo. Naomba usituombe gari mpaka Nei Tibwere atakapokanyaga maneaba. Na baada ya hapo, ukiiomba, Papa haendi kwenye mwamba. Anabaki barabarani."

Tebakatu alicheka mpaka mbwa wakakimbia. Uriam alitazama bandeji yake, akatazama anga, akatazama mama.

"Nei Teretia," alisema, "wewe si mtu. Wewe ni mtego wa samaki. Mtu anaingia mwenyewe."

Jioni hiyo alileta dumu begani, kwa mkono mzima. Alilalamika njia nzima, lakini alileta.

Tuliosha ndani mara tano. Uji wa matofali, halafu chai, halafu chai nyepesi, halafu maji. Mwisho tukasuuza mara mbili kwa maji ya Uriam. Uchafu wote tuliukusanya kwenye madumu makuukuu.

"Hakuna kumwaga karibu na kisima," Tebakatu alinionya. "Kisima chetu kiko hapo hapo chini ya miguu. Na kulanti ni tamu, ni sumu. Mtoto au nguruwe akiilamba, anakufa. Funga, weka juu."

Tukachanganya kulanti na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Tukajaza taratibu, injini ikiwa baridi na kifuniko wazi, tukaiwasha ikanguruma polepole mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Tukaongeza kidogo, tukafunga.

"Na hizo breki zinalia nini?" aliuliza.

"Ndiyo honi yetu," nilisema. "Makarani wanaijua."

"Zinaomba pedi, mjinga wewe! Leo zinalia. Zikianza kukwaruza, zinakula diski, na diski ni pesa nyingine."

Tukabadilisha pedi. Vitu vyote, pamoja na pedi, vilikuwa dola mia na kumi. Rejeta mpya peke yake, kwa ndege, ni mia tatu na hamsini. Injini iliyopasuka haina bei, unaikokota tu nyuma ya nyumba, kaa wahamie.

Jumamosi niliiendesha mimi mpaka Bonriki na kurudi. Sindano ilipanda mpaka katikati ikakaa. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka. Nilipozima gari nyumbani, nilijilaza chini nikatazama. Pakavu. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijisikia mkubwa.

Siku ya meli jua lilikuwa kali. Nei Tibwere alishuka gatini Betio akiwa mdogo kama mtoto, mkeka kwapani, tumbaku sikioni. Nyuma yake wazee wawili wa Nonouti. Baba aliinama akamshika mikono. 

Halafu shangazi akamtazama Papa. Mlango wa bluu, kutu, meno.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, shangazi," baba alisema.

"Ina kutu."

"Nje tu."

Alicheka akapanda mbele. Mimi na wazee tukabanana nyuma.

Kwenye tuta la Betio magari yalikuwa yamesimama. Walikuwa wanatengeneza barabara, upande mmoja tu unapita. Tunasogea kidogo, tunasimama. Hakuna upepo. Lami inachemka. Nilinyoosha shingo kati ya viti, nikaitazama sindano kama mgonjwa wangu. Katikati. Bado katikati. Mzee mmoja aliniuliza kama nina maumivu ya shingo.

Mbele yetu kulikuwa na gari kubwa, mpya, inang'aa. Ghafla ikatoa moshi mweupe. Mwenyewe akatoka, akafungua boneti, akavua shati akalikunja mkononi.

Nilifungua mlango nikakimbia.

"Usifungue, kaka! Usiguse!"

"Inataka maji!"

"Inataka ipoe! Nusu saa, usiiguse. Ukifungua sasa unaungua, ninaye baba mdogo muulize." Nilimshika mkono. "Kwanza, unaipa maji gani?"

"Ya kisima. Kwani kuna mengine?"

Nilimwambia habari ya chumvi kwa kifupi. Nikamwambia aje Eita, aulize nyumba ya Papa. Tukaisukuma gari yake pembeni. Nilipokuwa narudi, dirisha la mbele lilikuwa wazi, nikamsikia shangazi.

"Yule kijana ni nani?"

"Mwanangu."

"Ni fundi?"

 Mimi nilisimama pale barabarani, nikajifanya natazama tairi.

"Fundi," baba alisema.

Niliingia nyuma nikafunga mlango wa bluu. Sikusema kitu mpaka Bairiki. Kwangu hiyo ni rekodi.

Tangu hapo tulifika Eita bila kusimama tena. Papa aliingia kwenye uwanja wa maneaba breki zikiwa kimya kabisa, hata watu walishtuka. Watoto walizunguka gari. Nei Tibwere alishuka taratibu, akaliangalia paa jipya, akaingia kwa miguu yake, akakaa kwenye nafasi ya ukoo wetu, chini ya nguzo yetu, kando ya baba.

Mwenyekiti wa wazee aliuliza kama desturi inavyotaka: "Nani amemleta mama yetu?"

Baba alisimama. Alikuwa amenyooka kama mlingoti.

"Gari yangu imemleta."

"Na maji yangu!" Uriam alipaza sauti kutoka nyuma.

Maneaba nzima ilicheka, na safari hii baba alicheka kuliko wote. Nei Tibwere akamwita Uriam mbele, akamkagua mkono wenye kovu, akamzaba kofi dogo la kichwani. Sherehe ikaanza.

Mwenye gari kubwa alikuja kesho yake. Halafu wengine wawili. Sasa kila Jumamosi nina gari mbele ya nyumba, mimi na Tebakatu. Yeye anapiga kelele, mimi nalala chini. Papa anakwenda Bairiki kila siku. Kila asubuhi, ikiwa ya baridi, nachungulia kulanti, na chini ya gari. Pakavu.

Mvua ilikuja wiki moja baada ya sherehe, alasiri. Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha, watu wote wanatoka kuoga. Wanasimama chini ya ukingo wa paa, pale maji yanapoanguka kwa wingi. Madumu na matangi yalikuwa yamejaa mpaka yanamwagika. Nilikuwa nimeshavua shati, nakimbilia nafasi nzuri, nikamsikia mama.

"Tawita! Unakwenda wapi? Papa kwanza!"

"Mama?"

"Ana chumvi ya kule kwenye tuta chini ya tumbo wiki nzima! Mlete hapa chini ya paa. Aoge yeye kwanza."

Nikaleta gari mpaka chini ya ukingo, maji ya mvua yakampiga. Mama alikuwa ameshachuchumaa kwenye matope, gauni limelowa, anasukuma mkono ndani ya gurudumu, anasugua chumvi. Uriam alitokea na ndoo bila kuombwa. Baba alisimama pembeni, mikono kiunoni, anatazama tu, kama mtu anayetazama ngalawa yake.

Mimi nikaanza kuimba. Vibaya, lakini kwa nguvu.